Karibu ya Tatu

Mwezi uliopita nilimjibu vibaya mama mkwe wangu, na mpaka leo sijaenda kumtaka radhi. Mtoto wa mdogo wangu, msichana wa miaka minane, alikuja kwetu Unguja kutoka Dar es Salaam wakati wa likizo. Nikamchukua tukaenda Kikwajuni kumwamkia mama mkwe. Tulimkuta ndiyo kwanza ametandika mkeka, sinia la wali limeshapakuliwa na mchuzi wa nazi unafuka moshi. Akasema, "Karibuni chakula." Mtoto akasema, "Asante, Bibi." Akavua kandambili, akanawa, akakaa, akala. Alikula vizuri, akaongeza na mchuzi.

Wakati wa kutoka mama mkwe alinivuta mkono nyuma ya mlango akaninong'oneza, "Huyu mtoto hana haya hata kidogo. Kakaribishwa mara moja tu, kakaa." Nikamjibu kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani, "Si umemkaribisha mwenyewe? Au ulikuwa ukitania?" Mume wangu aliniambia baadaye kwamba nimepindukia. Kweli nimepindukia. Lakini sikujuta, na sidhani kama nitajuta.

Wale niliokua nao wananijua. Tukiwa harusini au kwenye maziko, yakaanza mazungumzo ya Dar na Unguja wapi kuna maisha, mimi huinuka nikaenda kutafuta maji ya kunywa. Mmoja atasema Dar kuna pesa lakini hakuna utu, mwingine atasema Unguja kuna utu lakini hakuna kazi, wa tatu atasema joto la kule na joto la huku. Wanacheka, wanapigana mabega. Mimi niliulizwa kuhusu miji hiyo miwili nikiwa sijatimiza miaka minane, mbele ya watu wazima, na kwa jibu langu mwenyewe nikamkosa mama yangu. Hakufa. Alikuwa ng'ambo ya pili ya bahari, mwendo wa boti wa saa chache, na nikawa mgeni wake mpaka leo.

Nyumba ya Bibi, mama yake baba, ilikuwa Sokomuhogo, ghorofa ya tatu, ngazi za mbao zenye kiza hata mchana. Harufu ya kwanza ninayoikumbuka duniani ni ya chokaa iliyoshika unyevu, na siku za Ijumaa ikichanganyika na udi. Bibi alikuwa na magoti mabovu, hakupenda kushuka. Muuza mchicha akipita chini akinadi, Bibi alikuwa akimteremshia kikapu kwa kamba kutoka dirishani, lakini kikapu hakishuki mpaka salamu zimalizike. Hujambo, sijambo, mkeo hajambo, yule mtoto aliyekuwa na homa je, mama yako Makunduchi umepata habari zake? Baada ya hapo ndipo mchicha. Mimi nikikaa chini ya dirisha nikisikiliza, na sikuwa na shaka kwamba hivyo ndivyo mchicha unavyonunuliwa dunia nzima.

Chakula nacho kilikuwa na mwendo wake. Bibi alinifundisha tangu sijajua kufunga vifungo vya gauni. Ukienda kwa mtu ukamkuta anakula, atakwambia karibu. Hiyo ya kwanza ni ya mdomo, kila mtu huisema, na wewe unajibu "Nshakula," hata kama tumbo limeshikana na mgongo. Atakwambia tena, nawe utasema, "Nimeshiba, ahsante." Akiwa anataka kweli ule, atakuja na ya tatu. Atakuapia, atakushika mkono, atasema hatii tonge mdomoni mpaka ukae. Hapo unakaa, unakula matonge machache, unaacha kidogo sahanini. Karibu ya tatu ndiyo karibu. Mbili za mwanzo ni salamu tu.

Nilikuwa hodari wa mambo hayo. Bibi akinituma kwa Bi Khadija, jirani wa upande wa pili wa kichochoro, kupeleka chano cha chakula au kuomba ndimu, alikuwa akinisubiri juu ya ngazi.

"Umewakuta wanakula?"

"Naam, Bibi."

"Wamekukaribisha?"

"Mara mbili."

"Ukala?"

"Sikula, Bibi."

Basi Bibi alikuwa akipiga makofi, bangili zake zikigongana. "Mwanangu wee! Umenitia sifa. Mtoto kalelewa huyu." Na mgeni yeyote aliyekuwemo ndani angeambiwa kwamba mjukuu wangu huyu, mpeleke popote unapotaka, hanitii aibu. Kisha nikapewa kipande cha halua kutoka kwenye kopo alilolificha nyuma ya kabati. Katika maneno yote niliyoyajua wakati ule, hakukuwa na neno tamu kuliko "sikula."

Baba alikuwa akifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja Kendwa, akija mjini kila baada ya wiki mbili. Mama alikuwa mzaliwa wa Ilala, ndoa ndiyo iliyomvusha bahari. Katikati ya huko kwenda na kurudi kwa baba, ndoa ikaisha. Sikuiona ikivunjika. Niliona tu siku moja kwamba kanga za Mama hazipo tena kwenye kamba ya ndani, na Bibi akaniambia Mama amekwenda kwao. Baada ya miezi kadhaa Mama akaja kunichukua. Alikuwa ameshapata kazi ya kuuza duka la vitenge Kariakoo na chumba cha kupanga, na alitaka mtoto wake. Bibi alikubali shingo upande. "Mchukue tuone," alimwambia. "Lakini huyu kazowea malezi."

Nilikuwa na hamu na Mama mpaka usingizini, kwa hiyo sikuuliza tunakwenda kukaa wapi. Tulikaa kwenye nyumba ya vyumba sita, ukumbi mrefu katikati, sisi chumba cha pili kulia. Uani kulikuwa na choo kimoja, majiko ya mkaa sita, na ndoo za maji zilizoandikwa majina kwa rangi ili mtu asichote ya mwenziwe. Kule kwa Bibi kuta zilikuwa nene kiasi kwamba jirani akipiga chafya husikii. Hapa niliijua redio ya kila chumba. Sokomuhogo nilikuwa naulizwa mimi ni mtoto wa nani, na nikilitaja jina la babu yangu watu wanatikisa kichwa, yamekwisha. Ilala waliniuliza naitwa nani, nikijibu Zuhura wanasema haya, kisha hawana swali jingine. Siku za mwanzo nilikuwa nasimama palepale nikingoja waendelee.

Siku ya kwanza nilipotumwa sukari, nilimwamkia mwenye duka, nikamuuliza hali yake, nikamuuliza hali ya mkewe. Alinitazama kama niliyemwambia jambo la ajabu. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "We mtoto, sema unataka nini, watu tuna haraka." Baadaye nikajua kwamba yule bwana hata mke hakuwa naye. Shuleni nikisema skuli wanacheka. Mchezo wa mpira tuliouita nage wao waliuita rede, na sheria zake zilikuwa karibu zilezile, lakini walicheza kwa kasi kiasi kwamba nilikuwa nimeshapigwa kabla sijajua zamu ni ya nani.

Pamoja na hayo nilipapenda, na nataka lieleweke, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Mama alikuwa akirudi baada ya Magharibi akinuka gundi ya vitenge vipya. Alikuwa ananikalisha katikati ya miguu yake, ananisuka huku ananisimulia siku yake nzima kana kwamba mimi ni mtu mzima mwenzake: leo mteja gani kampandisha mori, nani karudisha kitambaa alichokishona kabisa. Kwa Bibi watu wazima wakizungumza watoto wanatolewa. Mama alikuwa akiniuliza, "Wewe ungefanyaje, Zuhura?" Nilikuwa najibu, na alikuwa anasikiliza. Tulilala kitanda kimoja, mguu wangu juu ya wake. Nilitaka kuishi pale. Kama ningepewa karatasi niandike, ningeandika hivyo.

Tatizo lilikuwa mchana. Mama alitoka asubuhi na mapema, mimi nikirudi kutoka skuli yeye bado yuko Kariakoo. Kwa hiyo alizungumza na jirani wa chumba cha mbele, Mama Neema, mama mwenye watoto wanne na sauti ya kuita watu mtaa wa pili. Alimpa mchele na dagaa, wakapatana nile pamoja na watoto wake. Kwangu alisema tu, "Mchana utakula kwa Mama Neema." Hakuniambia kwamba chakula kile ni changu. Pengine aliona hakuna haja.

Siku ya kwanza Mama Neema alipakua ukumbini ugali na dagaa waliokaangwa na vitunguu na nyanya. Watoto wake waliuzunguka. Mimi nilikuwa mlangoni kwetu, hatua nne hivi.

"Zuhura, karibu chakula."

"Nshakula."

Akainua uso. "Umekula wapi?"

Swali hilo lilinibabaisha. Unguja hakuna anayekuuliza umekula wapi, kwa sababu kila mtu anajua hujala. "Skuli," nikasema.

"Haya, mama." Akageukia sinia lake.

Nikangoja ya pili. Nilijisogeza nikakaa kwenye kizingiti ili nisiwe mbali, asije akalazimika kupaza sauti. Nikajitia kuangalia kucha zangu. Neema, binti wa rika langu, alikuwa anakwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko, na mlio ule bado ninao masikioni. Ya pili haikuja. Sinia likaisha, wakanawa, mama yao akaanika mwiko juu ya ukuta. Niliingia ndani nikanywa maji, nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji kwa sababu ubaridi wake ulituliza tumbo.

Kesho yake ikawa hivyohivyo, na keshokutwa. Wiki ya pili Mama Neema alikuwa akisema tu, "Wewe umeshakula, eti?" na mimi nasema ndiyo. Kuna siku alipika maharage ya nazi na wali, harufu ikaingia chumbani mpaka ndani ya mito. Siku hiyo nilisimama karibu yake kabisa, nikaamkia, nikasema hodi ilhali hakuna mlango. Akasema, "Karibu, mwanangu, karibu wali." Nikasema, "Nimeshiba, ahsante," kwa kuwa niliihesabu ile kama ya pili. Ikabaki moja. Akasema, "Mh, hiyo shule yenu inalisha watoto kweli," akaendelea kula.

Nikakata shauri kwamba Mama Neema ni mchoyo. Nilipoona na wapangaji wengine wanakaribisha mara moja tu, nikaona nyumba nzima ni ya wachoyo, kisha nikaona mji mzima. Sikumchukia mtu. Niliwahurumia kwa kutolelewa. Leo najua kwamba jioni Mama Neema alikuwa anamwambia Mama, "Mwanao anakula shuleni, mchana hataki kitu," na Mama alifurahi kusikia shule inatoa chakula. Yule mwanamke aliniamini. Kosa lake lote ni hilo, kwamba mtoto alimwambia ameshiba naye akakubali kuwa ameshiba. Nikifikiria hapo hasira zinanipanda na sijui nizielekeze kwa nani.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia Mama. Kwa malezi ya Bibi, mtoto wa kike kutamka kwamba ana njaa kulikuwa sawasawa na kutoka nje bila nguo. Na kumtaja Mama Neema kwa uchoyo kungekuwa kumsengenya. Nikajikaza. Skuli nilikuwa nanunua bagia moja, jioni Mama akija na chakula nakifagia chote. Yeye alicheka kwa uchovu akasema, "Unakua wewe." Sikuwa nakua, nilikuwa napungua. Lakini taa ya chumba chetu ilikuwa hafifu, na Mama aliniona asubuhi kabla jua halijachomoza na jioni baada ya jua kuzama.

Ilipofika Idd Kubwa Mama akanivusha kuja kumsalimia Bibi, turudi baada ya siku nne. Bibi hata salamu hakumaliza. Alinishika kifundo cha mkono, akapandisha vidole mpaka kwenye mfupa wa bega. "Ala! Mbona mtoto kabaki macho?" Mama akasema nakua, nimerefuka. Bibi akaniuliza mchana naachwa kwa nani, nikamwambia kwa jirani. Alimtuma mtu Kendwa kwa baba, na mwingine kwa Ami Haji, kaka yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa akisuluhisha mambo ya ukoo. Sikukuu ya tatu tukakaa ukumbini kwa Bibi. Baba alikuwa na shati jipya, hakumtazama Mama. Mama alikaa karibu na mlango, buibui mwilini, kama mtu aliyepita mara moja tu.

Ami Haji alizungumza kwa upole. Alisema mtoto akishafika umri wa kupambanua mambo huulizwa, na kwamba leo Zuhura ataulizwa anataka kukaa na nani, na atakalosema hakuna wa kulipinga. Nilisikia kila neno. Jibu lilikuwa tayari mdomoni: Mama. Nilikuwa nangoja aniulize tu.

"Ngoja kwanza, Haji," Bibi akasema. "Mie nna swali langu." Akanigeukia na uso uleule wa juu ya ngazi. "Zuhura, mwanangu. Huko Dar, mchana, hao watu uliokuwa kwao walikuwa wakikukaribisha?"

"Mara moja tu, Bibi."

"Ukala?"

Nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Bibi ananipima mbele ya watu ili waone kwamba nimekwenda mpaka Dar na sikuacha malezi. Na Mama yuko pale, ataona ana mtoto wa namna gani. Nikanyoosha shingo.

"Sikula, Bibi," nikasema kwa sauti. "Hata siku moja. Miezi mitatu yote, sikula."

Nikangoja makofi.

Bibi alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Mmemsikia? Mmemsikia kwa kinywa chake?" Ami Haji alisema Astaghfirullah, akainamisha uso. Baba alisimama, akakaa, akasimama tena. Niliwatazama mmoja mmoja nikitafuta aliyefurahi, nisimwone. Nikamtazama Mama. Alikuwa ananiangalia mdomo uko wazi kidogo.

"Una la kusema?" Ami Haji alimuuliza.

"Sina," Mama akasema. "Mtoto amesema mwenyewe." Akakusanya buibui lake. "Akae."

Alikuja akaniwekea mkono kichwani, mkono wake ulikuwa wa baridi, kisha nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi. Ami Haji hakuniuliza tena nataka kukaa na nani. Lile swali lilipotea, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekumbuka kwamba lilikuwa halijaulizwa. Na mimi nilikuwa na jibu lake.

Nilijaribu kulirekebisha, kwa akili ile niliyokuwa nayo. Kesho yake nilimwambia Bibi kwamba sikula kwa adabu, si kwa kunyimwa. Akanikumbatia akalia: "Najua, mwanangu. Unamtetea mama yako, ndiyo moyo wa mtoto." Nikamwambia baba alipokuja mara nyingine kutoka Kendwa. Akasema, "Mambo hayo yameshakwisha, Zuhura. Wewe soma." Nilipokuwa darasa la saba nilimfuata Ami Haji mwenyewe, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akasema, "Sasa mbona hukuyasema siku ile?" Siku ile nilikuwa na miaka saba na miezi. Ukimtoa Mama, walikuwa watu wazima watatu ndani ya chumba, wote waliolelewa na karibu zilezile tatu, wote waliowahi kusema "nshakula" na tumbo tupu maelfu ya mara, na hakuna aliyejiuliza mtoto huyu alikuwa akijibu nini. Hilo silisamehe.

Mama alikuwa akija mara mbili kwa mwaka. Alikuja na vikapu: kuku wa kukaanga, chapati zilizofungwa kitambaani, karanga, biskuti, machungwa, maziwa ya kopo. Alifikia kwa rafiki yake mtaa wa Ng'ambo, palepale Unguja, ananiita huko, ananiwekea vyote mbele na kukaa kunitazama. "Kula. Ongeza. Mbona umekula kidogo?" Nikiwa msichana wa miaka kumi na tano nilichoka. Nilidhani ananionyesha kwamba Dar wana vitu. Siku moja nikamwambia, "Mama, sina njaa! Kwani Unguja hakuna chakula?" Akasema sawa, akaanza kufunga chapati moja moja, polepole. Mara iliyofuata alikuja na vikapu vilevile.

Na mimi nilikuwa na langu dhidi yake. Nililibeba mpaka nikaolewa, mpaka nikazaa. Hakubisha. Bibi alipiga kelele, Ami Haji alimpa nafasi ya kusema, na yeye akasema "akae," neno moja, akashuka ngazi. Mtu anayemtaka mwanawe, nilikuwa nasema moyoni, angeng'ang'ania hata mguu wa meza.

Basi baada ya yale ya kwa mama mkwe, likizo ilipoisha, nilimrudisha yule mtoto Dar mwenyewe. Mama siku hizi anakaa na mdogo wangu, aliyemzaa Dar baadaye, Ilala ileile, nyumba ya uzio. Nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza: karibu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kizingiti, "skuli," makofi niliyoyangoja. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe. Nilipomaliza nikamuuliza lile nililolibeba. "Kwa nini hukubisha, Mama? Ungesema neno moja tu."

"Ningebisha nini?" akasema. "Ulikuwa unacheka."

"Nani?"

"Wewe. Umesimama katikati ya watu unasema kwangu hukula, na unacheka, nakuona meno yote. Nikajua huyu anafurahi kuondoka kwangu. Ningemng'ang'aniaje mtoto anayefurahi kuniacha?"

Nikamwambia nilikuwa nacheka kwa sababu nilidhani nimemtia sifa, yeye hasa, mbele yao. Nikaanza kueleza upya, harakaharaka, kama mtu aliye mbele ya kadhi. Akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo njaa ilikuwa inakuuma kweli?"

"Ndiyo, Mama."

"Kila siku?"

"Kila siku ya skuli."

"Saa ngapi?"

Sikuelewa kwa nini anataka kujua. "Saa saba. Saa saba hivi, Mama Neema akipakua."

"Saa saba," akarudia. Aliitazama mikono yake, ina vumbi la mchele. "Saa saba na mimi nilikuwa nakula. Walikuwa wanatuletea wali na maharage pale dukani. Kila siku nilikuwa nabakisha."